Tasbihi ya Mkunazi

Thuwe mwanangu,

Sanduku lako nimelipima mara mbili na halizidi kilo ulizoruhusiwa, kwa hiyo hilo tumemalizana nalo. Sitakuandikia ule nini wala ulale saa ngapi huko Kuala Lumpur. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukaziba masikio kwa vile visikizio vyako ukajifanya unasoma. Barua hii ina jambo moja tu, na nalitaja hapa juu kabisa ili nisipate nafasi ya kulikimbia. Ile tasbihi uliyomchongea baba yako haikumfikia. Hakuiona kabisa. Nilikudanganya miaka miwili iliyopita, na kila siku niliyonyamaza tangu hapo nimekudanganya tena.

Sasa vuta kiti ukae.

Naandika nikiwa karakana, Ras Al Khor. Leo Jumapili mafundi wa makasha wamepumzika, msumeno wao mkubwa umenyamaza, na kwenye kona yangu niko mimi na feni. Wewe uko Karama unaagana na wenzako. Nimechagua mchana kwa makusudi, maana usiku mtu huandika huku analia, na kesho yake hajui alichoandika. Nitakupa mkononi jioni hii tukishakula. Sikutaka uisomee ndani ya ndege, utake kunipigia kelele ushindwe. Nina ulimi mkali, unanijua, na wewe nimekulea unao wako. Leo utumie.

Nianze mbali kidogo, univumilie. Babu yako alikuwa fundi wa nakshi Unguja, na katika watoto wake wote ni mimi niliyekubali kukaa vumbini nijifunze. Nilipoolewa nikaja huku Uarabuni alinipa kasha limejaa vipande vya mpingo. Kwa miaka mingi sikugusa kitu kingine. Niliamini kuwa kitu kisichotoka kwetu hakichongeki, na nchi hii niliiona ni mchanga na vioo tu. Mpingo ukawa unapungua, nami nikawa napunguza ukubwa wa kazi: kwanza visanduku, halafu vitana, halafu bangili, mwisho hereni. Baba yako alikuwa akinitazama anacheka. "Mama Thuwe," ananiambia, "mwaka ujao utamchongea nzi kipini." Nilimnunia siku mbili nzima, na wala hakuwa amekosea.

Ulikuwa na miaka mitano uliponitoa humo. Ramadhani ile ulikuwa unaokota kokwa za tende kila tulikoalikwa kufuturu, unazijaza mifukoni, nami nazitupa kila ninapofua. Siku moja ukaniletea moja karibu na pua. "Mama, itoboe." Nikakwambia hiyo ni takataka. Ukakaa sakafuni ukagoma kula. Basi nikaibana kwenye jiliwa nikaitoboa kwa keekee, nipate utulivu tu, kisha nikaikata katikati. Ndani kulikuwa na weupe mgumu na mstari wa kahawia umezunguka ukingoni. Nikaipiga msasa ikang'aa. Mimi nikabaki nimeishika, na wewe ukaenda kula wali wako kama fundi aliyemaliza zamu.

Baada ya kokwa tukaingia kwenye kombe za lulu kutoka soko la samaki, tukajifunza kuzisugua ndani ya maji ili vumbi lake lisituingie kifuani. Halafu mifupa ya ngamia. Ile mifupa! Tuliichemsha na sabuni kutwa nzima jikoni Karama ili itoke mafuta, na jirani wa ghorofa ya tatu akagonga mlango na bakuli, anataka supu. Kesho yake wakagonga wengine bila bakuli, na ndiyo maana nikatafuta kona hii. Leo watu wakiniuliza nani alinifundisha kutengeneza vidani na bangili kwa vitu vya hapa hapa, nawajibu ni baba yangu. Huo nao ni uongo. Baba yangu hakuwahi kuiona kokwa ya tende ila akiitema. Ni wewe.

Lakini mti mmoja wa hapa nilikukataza, nao ni mkunazi.

Siku ile Mirdif unaikumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na saba, baba yako ameshalazwa kwa ajili ya figo, na tulikuwa tumempelekea yule madam, mteja wangu, bangili zake za mfupa. Mtunza bustani alikuwa amekata matawi ya mkunazi uani, kayarundika ukutani. Ukayasogelea, ukakwangua gome kwa ukucha. Kerubo, yule Mkenya anayefanya kazi za ndani pale, akakwambia, "Chukua ukitaka, hiyo itatupwa tu." Nikakushika mkono. "Twende. Huo si mti wa kuchezea." Ukaniuliza kwa nini, nikakujibu nimesema twende.

Kwa nini yenyewe ni hii. Kwetu majani ya mkunazi hupondwa yakatiwa kwenye maji ya kuoshea maiti. Bibi yako nilimwosha kwa mikono yangu hii, na harufu ile ya majani mabichi ilikaa kwenye kucha zangu siku nyingi. Tena babu yako alikuwa na sharti lake karakana, kwamba kitu cha mkunazi hapewi mgonjwa. Alisema alimjua fundi aliyemchongea ndugu yake mgonjwa bakora ya mkunazi, na mwezi haukwisha wakamzika. Sijui kama ilikuwa kweli. Nilikuwa mtoto, nikaimeza nzima nzima. Ningekueleza haya siku ile ungenicheka, au ungelia, lakini ungetafuta mti mwingine. Sikukueleza kwa sababu baba yako alikuwa wodini, na niliogopa hata neno maiti lisitoke kinywani mwangu.

Wiki mbili baadaye ulikuwa kwenye mitihani ya mwisho. Asubuhi natoka kwenda hospitali ukanifuata mlangoni na kifuko cha kitambaa. "Mpe Baba. Nimeshamwambia kwenye simu kuna kitu namtengenezea. Wewe usifungue." Nikakifungua kituoni, hata treni haijafika.

Punje thelathini na tatu. Nilizipitisha vidoleni moja moja. Hakuna iliyokuwa kubwa kuliko mwenzake, matundu yote yako katikati, na kila punje umeizungushia nakshi yake peke yake, nyembamba kiasi kwamba kidole kiliigundua kabla ya jicho. Ile punje ndefu ya kichwani ulikuwa umeichonga kwa kokwa ya tende. Mimi sijawahi kufanya kazi vile. Babu yako pia, Mungu amrehemu, hakuwahi. Kisha nikautazama wekundu wa ule mti, nikaunusa, nikajua ni mti gani na umeutoa wapi.

Hapa nataka niseme kweli yote, nisikate nusu. Niliogopa, ndiyo. Lakini chini ya hofu ile kulikuwa na kitu kingine kidogo, kichafu. Ulikuwa umeikaidi amri yangu na umenipita kazi kwa wakati mmoja, na iliniuma. Ingekuwa hofu peke yake ningeirudisha tasbihi nyumbani nikakugombeza, mambo yakaisha. Sikuirudisha. Niliitumbukiza kwenye pipa la taka pale kituoni, treni ikaja, nikapanda.

Aliyoyasema baba yako siku hiyo na zilizofuata nitayafikia mwisho, maana ndiyo yanayonilemea kuliko yote. Kwanza nimalize ya kwangu.

Niliporudi jioni ulikuwa umesimama mlangoni na kalamu mkononi. "Kasemaje?" Nikakwambia kaitazama, kasema ni nzuri, ila yeye keshaizoea yake ya zamani. Maneno hayo nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nilidhani nimechagua uongo mwepesi, usioumiza. Ukasema, "Sawa." Ukakusanya visu vyako, ukavipaka mafuta kama nilivyokufundisha, ukavirudisha kwenye kisanduku changu. Nilifikiri utavichukua mitihani ikiisha. Siku zile hukumpigia tena baba yako, na yeye hakukupigia, asikutoe kwenye masomo.

Baba yako akafariki siku tisa baadaye. Wanaume walimwosha, na mimi na wewe tulikaa nje kwenye benchi, kichwa chako kiko begani kwangu. Mlango ukafunguliwa, mtu akatoka na ndoo tupu, na harufu ile ikatoka naye. Maji ya mkunazi. Nilikuwa nimemzuilia mti huo akiwa bado ana mikono ya kuushika, na ukamfika vile vile alipokuwa hana habari nao. Nikainuka ghafla nikakuacha peke yako kwenye benchi.

Begi lake lilipoletwa ulilipekua mpaka kwenye mishono. Hukukuta tasbihi yoyote, si mpya wala si ya zamani. Ukaniuliza, nami nikakujibu kuwa hospitali vitu hupotea. Huo ukawa uongo wa pili, na wa pili ulikuwa rahisi kuliko wa kwanza. Ujihadhari na hilo, mwanangu, kwa sababu mimi halikunishtua hata kidogo.

Toka hapo hujashika kisu. Nimekuwa nikikuona unapita karibu na meza yangu ukitazama pembeni. Mteja akikuuliza na wewe unachonga, unasema hapana, hiyo ni kazi ya mama. Mara ngapi nimefungua kinywa! Siku moja tulikuwa tunakunja nguo, wewe na mimi tu, nikasema, "Thuwe, ile tasbihi," ukanijibu haraka, "Mama, khalas, mimi nimeshasahau." Nikashukuru. Nilishukuru, fikiria mama wa namna gani huyo. Niliogopa kwamba ukijua utaondoka uniache peke yangu. Sasa unaondoka hata bila kujua, kwa hiyo hofu yangu haikunisaidia kitu.

Huenda ningenyamaza mpaka kaburini kama nisingekwenda Mirdif wiki tatu zilizopita. Nilipeleka hereni za kombe. Nikamkuta Kerubo uani ameinamia beseni, anaponda majani ya mkunazi, na harufu ikanipiga usoni. Nikamuuliza kwa sauti ya chini nani amefariki.

Akashtuka. "Hakuna mtu amekufa, mama! Ni bibi harusi. Msichana wa madam anaolewa, tunamwosha nywele na hii. Hapa wao huosha nywele na hii tangu zamani. Hata mimi nimejaribu, ona vile imekuwa laini."

Kisha akasema, "Na yule wako? Alimaliza ile kitu ya babake?"

"Kitu gani?"

"Si ile tasbihi. Alikuja hapa na basi, jua kali namna hiyo, akamuuliza madam ni mti gani ya hapa haikufangi haraka. Alisema babake ni mgonjwa, anataka mti kama hiyo. Madam akamwambia ni huu. Wanaukata kila mwaka, na kila mwaka unarudi tu. Nikampatia lile tawi mimi mwenyewe."

Nilikaa pale pale kwenye ukingo wa maua. Kerubo akaniletea maji akidhani ni joto. Thuwe, mimi niliona maiti katika mti ule, na wewe ulikwenda na basi mbili ukautafuta kwa sababu uliambiwa haufi. Miaka yote niliyokaa nchi hii nimeokota mbao zake na mifupa yake na kombe zake, na sijawahi hata mara moja kumuuliza mtu wa hapa, hiki kwenu ni cha nini? Nilikuwa nachukua tu na kukipa maana niliyokuja nayo. Wewe uliuliza. Ndiyo tofauti yako na mimi, na natamani ungeondoka na hiyo tabia yako, uiache yangu hapa Ras Al Khor.

Sikuandikii ili uache ufamasia. Usije ukafikiri mama kapata njia ya kukuzuia. Nenda ukasome dawa zako, na ukishindwa kutamka majina yake nipigie tucheke. Visu vyako nimevinoa jana. Vipo mezani mbele yangu, vitatu, vimefungwa kwenye kile kitambaa cha bluu. Zamani ningevitia sandukuni mwako kimyakimya, ukifika ukute mama ameshaamua. Safari hii sikuvitia. Ukivitaka utaniambia. Usipovitaka vitabaki hapa, na sitakuuliza tena.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema, niseme na hili. Naogopa, Thuwe. Naogopa kesho nikitoka uwanja wa ndege nipande treni peke yangu nishuke Karama, nifungue mlango, na kule ndani pasiwe na mtu wa kumgombeza kwa kuacha taa. Sijawahi kulala nyumba tupu. Nimetoka kwa baba yangu nikaingia kwa mume, mume akaniacha na wewe. Wale dada wa Uganda wa chumba cha jirani wameniambia watakuwa wananibishia hodi wakitoka kazini, na nimewaambia wasijisumbue, halafu nikaingia ndani nikajuta. Labda nitawafuata kuwaambia wajisumbue. Upweke huu si wa kwako kuubeba, nimekwambia tu ili usidhani kuwa kukaa kimya kwangu pale uwanjani ni hasira.

Sasa yale ya baba yako.

Siku ile nilipotoka kituoni nilimkuta ameketi kitandani, amechana ndevu. Alinyoosha mkono hata sijaweka mkoba chini. "Nipe kitu changu."

"Kitu gani?"

"Mwanangu kaniambia ananitengenezea kitu. Sauti yake tu nilijua kimekwisha."

Nikamwambia bado, unamalizia. Akaurudisha mkono wake juu ya shuka, akasema sawa, akaniuliza kama umekula.

Baada ya siku mbili nikaona hana tasbihi yake. Nikamuuliza iko wapi. Akanionyesha kwa kidevu yule mzee wa Kibaluchi wa kitanda cha pili, anaivuta taratibu. "Nimempa. Maskini hana, na mimi naletewa mpya." Ile ya zamani niliyokwambia keshaizoea, hakuwa nayo tena. Aliitoa kwa sababu anaingoja yako. Toka siku hiyo akawa anahesabu kwa vidole, kidole gumba kinapanda pingili kwa pingili, na kila nikiingia anatazama mikono yangu kwanza, halafu ndiyo uso. Nami namwambia bado. Mara nne nilimwambia bado.

Siku ya mwisho aliyoweza kusema nilikwenda nimeazimia kumwambia kweli. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamshika mguu, nikasema, "Baba Thuwe, ile kazi ya mtoto." Akanikatiza. Alidhani nimekuja kukuombea radhi kwa kuchelewa.

"Usimsukume mtoto," akasema. "Mwambie asije akajikata kwa haraka. Mimi namngoja."

Sikukwambia. Nakwambia leo.

Mama